Dari ya boriti iliyonichagulia programu ya kuunganisha picha pana

Programu za kuunganisha picha pana hufanana sana zinapopewa ufuo wenye minazi, mwamba na mashua iliyotia nanga. Kila moja humaliza kazi kwa dakika chache, na jicho la kawaida halioni tofauti. Tofauti huanza ndani ya nyumba. Nililijua hilo nilipokubali kazi ya nyumba moja ya wageni katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambayo mwenyewe alitaka kila chumba kipigwe picha ya mzunguko mzima, ile ambayo mtazamaji huizungusha kwa kidole kwenye simu akaona mbele, nyuma, juu na chini. Nilikuwa nimepiga picha za harusi na za hoteli za ufukweni kwa muda mrefu, na picha pana za bahari nilikuwa nazo nyingi, kwa hiyo bei niliyoitaja ilikuwa ya mtu anayedhani kwamba kazi ngumu ni ya kamera na kwamba mengine yatafanywa na kompyuta.

Kompyuta yangu ilikuwa na Lightroom, programu ya Adobe ya kuhariri picha, ambayo tayari nilikuwa nailipia kila mwezi kwa dola. Uwezo wa kuunganisha picha umo ndani yake tangu 2015, na kwa mandhari ya nje sina la kuulalamikia: unachagua picha, unabonyeza mara moja, na unachopata ni faili ya DNG ambayo bado unaweza kurekebisha mwanga na rangi zake kana kwamba imetoka kwenye kamera. Niliipa picha za chumba cha kwanza. Baadhi ilizikataa kabisa, na zile ilizozikubali iliziunganisha kwa namna ambayo boriti za dari zilikatika katikati, kipande kimoja kikawa juu na kingine chini kwa upana wa kidole. Nilimwonyesha mwenye nyumba nikitumaini kwamba hataangalia juu. Alianza na juu.

“Mwanangu, boriti zangu zimefanywa nini? Mgeni akiiona hii atasema nyumba inaanguka.”

“Si boriti, mzee wangu, ni kompyuta.”

Katika mji ambao sehemu ya jumba la kale la Beit el Ajaib iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, dari iliyokatika, hata ikiwa imekatika pichani tu, si jambo la mzaha. Nilirudi kwenye kompyuta nikaanza kutafuta mahali pa kuieleza programu kwamba boriti hii ni ile ile ya picha ya pili. Hapakuwa na mahali hapo. Lightroom hukupa aina tatu za kutandaza picha na kitelezi cha kunyoosha kingo, basi. Ikikosea kulinganisha, huna la kufanya ila kupiga picha upya na kuomba kwamba safari hii itaelewa.

Ilinibidi kwanza nifahamu inakoseaje. Mwaka 2003 Matthew Brown na David Lowe wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walionyesha namna kompyuta inavyoweza kupokea rundo la picha zisizo na mpangilio, ikatambua yenyewe zipi zinapakana na zipi hazihusiani, kisha ikaziunga bila msaada wa mtu. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa programu ya AutoStitch, na nyingi zilizofuata hupita njia hiyo au iliyo jirani nayo. Programu hutafuta katika kila picha alama ndogo zenye sura ya kipekee, kama kona ya fremu, doa au ufa, kisha hutafuta pacha wa kila alama katika picha nyingine. Nukta pacha zikipatikana za kutosha, inakadiria kamera ilikuwa imeelekea wapi katika kila picha, na zile zinazopingana na nyingine inazitupa.

Sasa fikiria dari ya nyumba ya Mji Mkongwe: boriti za mikoko zimepangwa kwa nafasi zinazokaribiana, zote nyeusi, zote za unene mmoja. Ukutani kuna zidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vitu, safu juu ya safu, kila kidaka kimefanana na mwenziwe. Kilichobaki ni ukuta wa chokaa mweupe usio na alama yoyote. Kwa programu, boriti ya tatu na boriti ya nne ni kitu kimoja, na kwa kuwa boriti zote zimeteleza kwa kiasi kile kile, kosa hilo halipingani na jingine, kwa hiyo halitupwi. Ukuta mweupe nao hautoi nukta hata moja. Hapo ndipo nilipoacha kuuliza programu ipi ni bora na nikaanza kuuliza ipi itaniruhusu nitie mkono wangu pale inaposhindwa.

Lakini haikuwa haki kuilaumu programu kwa yote. Katika chumba chenye upana wa mita tatu, kamera inayozungushwa juu ya tripodi ya kawaida haizunguki mahali pamoja. Inachora duara dogo, na kila inapogeuka, kitanda kilicho karibu kinasogea mbele ya ukuta ulio mbali. Hiyo ndiyo paralaksi, na hakuna programu inayoiondoa yote, kwa sababu picha mbili zimeona vitu viwili tofauti. Nje, ambako kilicho karibu kiko hatua thelathini mbele yako, kosa hilo halionekani, na ndiyo maana picha zangu za bahari zilinidanganya kwa miaka. Dawa yake ni kibao cha chuma kinachoiwezesha kamera kusogezwa nyuma mpaka mhimili wa mzunguko upite katika lenzi penyewe. Vibao vya dukani vinauzwa ghali na kuvisafirisha ni ghali zaidi. Changu alinitengenezea fundi wa kuchomelea vyuma, baada ya kumchorea na kumwachia kamera aipime.

Kuipata nafasi sahihi hakuhitaji hesabu. Simamisha vijiti viwili, kimoja karibu na kamera na kingine mbali, hivi kwamba cha karibu kinakifunika cha mbali. Geuza kamera kulia, kisha kushoto. Kijiti cha mbali kikichungulia pembeni, sogeza kamera mbele au nyuma na ujaribu tena, hadi vibaki vimefunikana popote unapogeuza. Weka alama ya kudumu kwenye kibao, kwa kila lenzi na kwa kila urefu wa lenzi unaoutumia. Picha za chumba kile kile zilizopigwa baada ya hapo ziliunganishwa vizuri zaidi na kila programu niliyoijaribu, hata zile nilizokuwa nimeshazikatia tamaa.

Mengine ya upigaji yanajulikana, nitayapitia haraka. Kamera iwe katika modi ya M, ile unayoipanga mwenyewe, na mwanga, fokasi na mizani ya rangi visibadilike kutoka picha moja hadi nyingine. Picha zilaliane kwa karibu theluthi moja. Kwa lenzi ya milimita 18 kwenye kamera ya sensa ya APS-C iliyosimamishwa wima, kila picha inaona takriban digrii 45 za upana, kwa hiyo kugeuza digrii 30 kila mara kunatoa picha 12 kwa mzunguko mmoja. Chumba kizima kinahitaji mizunguko mitatu, mmoja wa usawa wa macho, mmoja wa juu na mmoja wa chini, pamoja na picha ya dari utosini. Lenzi ya jicho la samaki inapunguza idadi hiyo sana, na ukipata ya kuazima, azima.

Nilipoanza kutafuta programu nyingine, nusu ya ushauri niliopewa na wenzangu ulihusu programu zilizokwisha kufa. Mmoja aliapa kwa Image Composite Editor ya Microsoft, iliyokuwa ya bure na nyepesi, ikifanya kazi kwenye Windows pekee. Microsoft waliacha kuishughulikia na wakaiondoa mahali pake pa kupakuliwa, kwa hiyo wanaoitumia leo ni wale waliohifadhi faili ya kusakinisha, au wanaoipakua kwa watu wasiowajua, jambo ambalo mimi sitalifanya kwenye kompyuta yenye kazi za wateja. Mwingine alinisifia Autopano ya kampuni ya Kolor ya Ufaransa, na kwa yote niliyoyaona katika picha zake, alikuwa na haki ya kuisifia. GoPro waliinunua Kolor mwaka 2015 na kuifunga mwaka 2018. Walioilipia walibaki na programu isiyorekebishwa tena.

Habari hizo mbili zilinifanya niongeze swali la pili: kazi yangu itafunguka baada ya miaka kumi? Nyumba ya wageni hubadilisha mapazia na vitanda, na mwenyewe anaweza kurudi kuomba chumba kimoja kifanywe upya. Nilitaka programu ambayo mradi wake ningeweza kuufungua hata aliyeiunda akifunga duka.

Hugin ndiyo iliyojibu swali hilo. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Chini yake kuna kazi ya Helmut Dersch, mwalimu wa chuo huko Furtwangen, Ujerumani, aliyeanza kuandika Panorama Tools mwaka 1998. Dersch alipata misukosuko kutoka kwa kampuni ya Marekani ya IPIX iliyodai kwamba hataza zake zinaguswa, lakini kwa kuwa msimbo ulikuwa umeshatolewa kwa watu, wengine waliuendeleza. Faili ya mradi ya Hugin, yenye mwisho wa .pto, ni maandishi matupu: unaweza kuifungua kwa programu yoyote ya kuandikia ukasoma picha zipi zimetumika na kila moja imeelekea wapi. Kwangu hilo lilikuwa na uzito kuliko urembo wa madirisha yake, ambao, tuseme kweli, haupo.

Siku za mwanzo na Hugin zilinikatisha tamaa. Madirisha yake yamejaa vifupisho na namba, na ukibonyeza vitufe kwa mpangilio usiofaa inakupa picha iliyojikunja kama jani bichi lililotupwa motoni. Nilichelewa kukabidhi kazi, nikampigia mzee simu kuomba muda, na fedha niliyokuwa nimeipangia kazi hiyo iliishia kwenye umeme na nauli za kurudi kupiga vyumba upya. Kilichonisaidia ni kuacha kuitaka ifanye yote peke yake. Niliiacha itafute nukta pacha yenyewe, kisha nikafungua dirisha la nukta, nikatazama picha mbili kwa mbili, na kufuta zote zilizokuwa juu ya boriti. Badala yake niliweka zangu kwa mkono: kichwa cha msumari, fundo la mti, doa la maji ya mvua, waya wa taa, ufa wa chokaa wenye umbo lake mwenyewe. Nukta sita au nane za namna hiyo kati ya picha mbili, zikiwa zimetawanyika na hazikurundikana kona moja, zinashinda mia zilizookotwa na mashine juu ya boriti zinazofanana.

Baada ya kukokotoa, Hugin hukuambia wastani wa umbali kati ya nukta na pacha wake kwa pikseli, pamoja na umbali mkubwa kuliko wote. Wastani ukiwa mdogo, pikseli mbili tatu hivi, hali ni njema. Usitulie kwa wastani peke yake, hata hivyo, kwa sababu boriti zilizolinganishwa vibaya kwa pamoja huweza kutoa wastani mzuri. Panga orodha ya nukta kuanzia yenye kosa kubwa, ibonyeze, na uitazame kwa macho. Nyingi utakuta umezibandika mahali pasipo pake, na chache zitakuonyesha kwamba kamera ilitikisika.

Kuta zilizoinama zilikuwa na dawa ya namna hiyo hiyo. Hugin inakubali uweke nukta mbili kwenye mstari unaoujua kuwa wima, kwa mfano ukingo wa fremu ya mlango, na kuiambia isimamishe picha yote kwa mstari huo. Inahitaji mistari michache iliyo mbalimbali kuzunguka chumba. Katika Mji Mkongwe uchague vizuri, maana kuta zenyewe nyingi hazijasimama wima, na ukiilazimisha picha kufuata ukuta ulioinama kwa umri, utakiinamisha chumba kizima. Milango iliyofungwa vizuri na makabati mapya ndiyo mashahidi niliowaamini. Kwa ukuta mweupe usio na alama nilibandika vipande vya karatasi vyenye herufi tofauti kabla ya kupiga picha, na kuvifuta baadaye katika programu ya kuhariri. Ni kazi ya kuchosha, lakini inachukua muda mfupi kuliko kurudi.

Madirisha yalileta tatizo la mwanga, kwa sababu jua la mchana nje na chumba chenye kiza ndani haviingii katika picha moja. Hapo unapiga kila upande mara tatu, picha ya kiza, ya kati na ya mwangaza, na Hugin kupitia zana yake ya Enfuse inachukua kutoka kila moja sehemu iliyopata mwanga unaofaa. Picha zinakuwa mara tatu, na kompyuta yenye RAM ya GB 8 inaanza kulalamika, kwa hiyo niliacha kazi hiyo iendelee usiku.

Paani ndipo nilipoikimbilia PTGui. Mzee alitaka mgeni aone bahari kutoka juu ya nyumba, na baharini kuna majahazi yanayotembea, mawingu yanayosukumwa na kusi, na wafanyakazi wanaopita na sinia za chai. Hugin ina zana iitwayo Celeste inayotambua nukta zilizoangukia mawinguni na kuzifuta, na ina dirisha la kufunika maeneo usiyoyataka, lakini mikononi mwangu kufunika kulikuwa kwa polepole. PTGui, iliyozaliwa Uholanzi kama sura rahisi ya Panorama Tools zile zile za Dersch, inakuachia kuijaribu bila kulipa, isipokuwa picha zake hutoka zikiwa zimetapakaa maandishi ya kampuni. Niliijaribu kwa picha za paani. Unapaka nyekundu juu ya usichokitaka na kijani juu ya unachotaka kibaki, na picha inabadilika mbele yako papo hapo. Jahazi lililotokea mara mbili likabaki moja, na kijana aliyekatwa kiuno akarudishiwa miguu yake.

Bei yake ni ya euro na inalipwa mara moja, si kila mwezi, na kuna matoleo mawili. Toleo la Pro ndilo lenye kazi za HDR, yaani picha zenye upeo mpana wa mwanga, na za kuchanganya picha za mwanga tofauti, na ni ghali zaidi. Kwa kipato cha mpiga picha wa hapa si fedha ndogo, na anayelipa kwa kadi ya benki aulize mapema makato ya kubadilisha fedha, kwa maana bei unayoiona si itakayotoka kwenye akaunti. Mimi sikuinunua kwa kazi hiyo ya kwanza. Nilimaliza vyumba kwa Hugin, nikakaa na maeneo ya paani mpaka macho yakaniuma, na nilinunua leseni baadaye, wateja wengine wawili walipokuwa wameshanilipa malipo ya awali. Kwa mtu anayeanza nafasi hiyo ya kusubiri ina faida, kwa kuwa aliyejifunza nukta pacha ndani ya Hugin huingia PTGui akijua anachokitafuta, ilhali aliyeanza na rangi za kupaka hubaki akibahatisha siku zinapokataa.

Photoshop nayo niliijaribu, kwa kuwa Photomerge imo ndani yake na wengi wetu tunayo. Haina nukta pacha za kuweka kwa mkono, ila inakuachia kila picha katika tabaka lake, kwa hiyo mshono unaweza kuupaka upya kwa brashi. Mimi naitumia mwishoni, kuziba pengo la tripodi sakafuni na kufuta zile karatasi za ukutani. Lightroom sikuitupa. Harusi ikifanyika ufukweni na familia ya watu sitini ikitaka kuonekana pamoja na bahari yote, bado ni yenyewe ninayoifungua.

Kuhusu ukubwa wa picha, usidanganywe na kisanduku kinachosema “ukubwa wa juu kabisa”. Lenzi ile ya milimita 18 kwenye sensa ya megapikseli 24 inaweza kutoa mzunguko wenye upana wa takriban pikseli 29,000 na kimo cha 14,500, yaani zaidi ya megapikseli 400, na ukiihifadhi kama TIFF ya biti 16 bila kuibana, faili moja inafika karibu GB 2.5. Simu ya mgeni haitaifungua. Pikseli 8,000 kwa 4,000 zilitosha kwa kila chumba, na uwiano huo wa mbili kwa moja ni lazima, kwa sababu picha ya mzunguko mzima inatandazwa digrii 360 kwa upana na 180 kwa kimo. Mimi huhifadhi picha za asili na faili ya mradi kwenye diski mbili, na faili kubwa naifuta, maana mradi unaweza kuitoa tena wakati wowote.

Jambo la mwisho lilinichukua jioni nzima ingawa halikuwa la kuunganisha. Nilimtumia mzee picha zilizokamilika kwa WhatsApp, akanipigia kuuliza kwa nini vyumba vyake vimetandazwa kama ngozi ya mbuzi na havizunguki. WhatsApp inapotuma picha kwa njia ya kawaida huibana na kuondoa maelezo yaliyofichwa ndani yake, na maelezo hayo ndiyo yanayoiambia programu ya kutazamia kwamba hii ni picha ya mzunguko. Zitume kama hati, si kama picha, au zipeleke kwa flashi. Kabla ya kutuma, hakikisha kwamba maelezo yenyewe yamo, kwa kuwa yanaweza kupotea picha inapopita katika programu ya kuhariri: ExifTool, ambayo ni ya bure, itakuonyesha kama ProjectionType imeandikwa equirectangular, na isipokuwepo itakuandikia kwa amri ya mstari mmoja. Kwa tovuti ya nyumba tulitumia Pannellum, programu ya kuonyesha picha za mzunguko mtandaoni, nayo ya bure, ambayo haihitaji maelezo hayo hata kidogo mradi picha iwe mbili kwa moja.